Mchele Ulipanda Gari Lisilo Lake: Siku Nne za Masika, Tanga hadi Sunga

Siku ya kwanza, Alhamisi. Tanga hadi Lushoto.

Arobaini ya babu imeangukia katikati ya Aprili. Huko kwetu, juu ya Lushoto upande wa Sunga, katikati ya Aprili maana yake ni masika, na masika maana yake ni utelezi. Mama Mkubwa alishasema tangu mwezi uliopita: hakuna kusogeza siku, marehemu hasubiri barabara ikauke.

Tunakwenda na magari mawili. Mimi nina Probox yangu ya kusambazia mikate, ile inayovuta kwa matairi ya mbele, injini imelala upande kwa upande chini ya boneti. Mjomba ana Noah, lakini ile ya zamani, wala si hizi zilizoanza kutoka mwaka 2001. Tofauti si sura tu. Noah mpya inavuta mbele kama Probox yangu. Ya zamani injini yake imekaa chini ya viti vya mbele, na nguvu inakwenda nyuma kwa propela. Ukifungua boneti yake fupi unakuta maji ya wipa na vitu vidogovidogo. Ukitaka injini yenyewe unainua kiti. Aliyewahi kukaa kiti cha mbele cha Noah ile safari ndefu anajua, makalio yanaiva.

Mzigo ulikuwa huu: mchele mifuko minne ya kilo 50, sukari kilo 25, ndoo mbili za mafuta ya kula, sufuria za shughuli zile kubwa, na turubai moja. Nikamwambia mjomba tugawane.

"Tugawane nini? Hiyo yako si ndiyo punda? Imezaliwa kubeba."

"Shikamoo mjomba, lakini mchele wote nyuma ya Probox, na kule kuna milima..."

"Marahaba. Viti vyangu vimeoshwa juzi."

Basi. Mjomba aliendesha malori njia ya Tunduma miaka mingi kabla magoti hayajamkataa, na mtu wa malori hafundishwi kupakia na msambaza mikate. Mchele ukaingia kwangu wote, pamoja na sukari, mafuta na sufuria. Yeye akachukua turubai, mke wake na watoto wawili. Mama Mkubwa akakaa mbele kwangu, mdogo wangu akajibana nyuma na sufuria mapajani.

Hadi Segera hakuna la kusimulia. Korogwe tulikula machungwa. Mombo tukaacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kupanda, na hapo ndipo gari lilipoanza kuniambia kitu. Kona za kwenda Soni nazijua, nimezipita tangu utotoni kwenye mabasi, lakini usukani ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouzoea. Unakata, gari linafikiria kidogo, ndipo linafuata. Giza lilipoingia nikaona na jambo la pili: taa zangu zilikuwa zinamulika matawi ya miti. Kila gari lililoshuka lilinipigia taa za lawama. Nikawasha hafifu, wakaendelea kulalamika. Gari lilikuwa limekalia mkia kama mbwa, pua juu.

Mama Mkubwa akauliza, "Mbona unamulika ndege?"

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, zote ni lami, na kwenye lami hata pua ikiwa juu unafika. Tumelala Lushoto. Usiku kucha mvua inagonga mabati.

Siku ya pili, Ijumaa. Lushoto hadi nyumbani.

Hii ndiyo siku yenyewe.

Tuliondoka saa moja asubuhi, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa. Msitu wa Magamba tuliupita taa zikiwaka. Baada ya lami kuisha, udongo ukawa ule mwekundu wa Usambara, ambao ukiwa mkavu ni vumbi linaloingia hadi kwenye meno, na ukilowa ni sabuni. Chini ni mgumu, juu kuna utando laini unene wa kidole. Tairi halizami kama kwenye tope la mpunga. Linaelea juu ya utando ule na kuzunguka. Fuso za kabichi zilikuwa zinashuka kutoka Lukozi zimefungwa cheni kwenye matairi ya nyuma, zinalia chekecheke kama mtu anayetembea na ndala za chuma. Mjomba aliziangalia zikipita. Hakusema kitu, nami sikusema.

Kilima chenyewe kiko kabla ya kufika Rangwi. Si kirefu, labda mita 150, lakini kimesimama. Kushoto mfereji, kulia ukingo wa udongo. Nikajipa kasi kidogo chini, nikaingia.

Theluthi ya kwanza sawa. Nusu, nikasikia mlio wa injini unapanda lakini miti ya pembeni haisogei. Matope yakaanza kupiga madigadi ya mbele, *papapapa*. Nikaongeza mafuta (kosa, najua, kila mtu anajua, na kila mtu anaongeza), harufu ya mpira ikaingia ndani, na pua ya gari ikaanza kuteleza taratibu kuelekea mfereji. Niligeuza usukani kulia. Haikusaidia chochote. Matairi yale yale niliyokuwa nayataka yavute ndiyo niliyokuwa nayataka yakate kona, na tairi lenyewe lina mshiko wa kiasi chake. Ukiutumia wote kuzunguka bure, wa kukata kona unautoa wapi? Nilipoachia mafuta, hapo ndipo usukani uliposhika. Nikasimama, gari limekaa mshazari.

Vijana wanne wakatokea. Sijui huwa wanakaa wapi, lakini kwenye kila kilima cha namna ile wapo.

"Elfu kumi, bosi, tunasukuma."

Wakasukuma kwa nyuma. Matairi yakazunguka, aliyekuwa upande wa kushoto akateleza akalala kifudifudi. Wakasukuma tena. Tukapanda hatua mbili, tukarudi tatu.

Kulikuwa na mzee mmoja amesimama shambani na jembe begani, anatutazama kama mtu anayeangalia mpira na anajua matokeo. Akashuka polepole.

"Hili linavuta mbele?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mbona mnalisukuma mkiani? Mkia una nini? Nyie wawili, kaeni pale juu." Akaonyesha boneti.

Vijana wawili wakapanda, wakakaa juu ya boneti miguu inaning'inia. Sikuona barabara, nikaona migongo. Nikakanyaga mafuta kidogo sana, na gari likauma udongo. Likapanda kama mita kumi, vijana wanapiga kelele za furaha, kisha mmoja akaporomoka upande tukakwama tena.

Lakini mita kumi zile zilitosha. Nikashuka nikazunguka gari, nikaliangalia vizuri. Madigadi ya nyuma yalikuwa karibu yanagusa matairi. Ya mbele, ungeweza kuingiza ngumi mbili.

Hesabu niliifanya baadaye usiku, lakini niiweke hapa kwa sababu hapa ndipo inapohusika. Probox tupu ina kilo 1,000 na ushei, na karibu asilimia 60 ya hizo ziko mbele, kwa kuwa injini na giaboksi vyote vimekaa juu ya matairi ya mbele. Ndiyo maana ikiwa tupu inashika vizuri: kinachovuta ndicho kinachokandamizwa. Mimi nikaongeza karibu kilo 300 nyuma, nyingine nyuma kabisa ya ekseli. Mzigo ulio nyuma ya ekseli unafanya kazi ya bembea ya ubao: unabonyeza nyuma na kuinua mbele. Mgawanyo ukawa nusu kwa nusu, au mbaya zaidi. Kisha juu ya hilo, kilima. Gari likielekea juu, uzito unaegemea nyuma. Kwenye mwinuko wa mita 20 kwa kila mita 100, Probox iliyojaa inahamisha kama kilo 60 kutoka matairi ya mbele kwenda ya nyuma, kama mtu mzima aliyehama kiti.

Sasa, kupanda mwinuko wa namna ile gari linahitaji msukumo wa moja ya tano ya uzito wake wote. Kama matairi yanayovuta yamebeba chini ya nusu ya uzito, kila moja linadaiwa zaidi ya mbili ya tano ya kilichokaa juu yake. Kwenye lami iliyolowa unapata hiyo na chenji inabaki. Kwenye sabuni ya Usambara hupati. Fowili, gari la kuvuta kwa matairi yote manne, inavuta kwa uzito wote, inadaiwa moja ya tano tu, basi inapanda. Hakuna uchawi mwingine hapo. Hata injini haihusiki sana. Nguvu nilikuwa nazo za kuchimba kisima.

Mjomba alikuwa chini ya kilima anasubiri, mikono nyuma. Akaja.

"Pisha nikuonyeshe. Gari la kusukuma nyuma ndilo la milima."

Kwa maneno ana haki. Ukipanda, uzito unakwenda nyuma, na yeye anasukuma kwa nyuma. Kilima chenyewe kinamsaidia. Malori yote yanasukuma nyuma. Akaingia na Noah yake safi, akanipita pembeni, mkia unacheza kushoto kulia kama samaki. Alikwenda vizuri kuliko mimi, niseme ukweli. Kisha mkia ukacheza mara moja zaidi ya ilivyotakiwa, tairi la nyuma la kushoto likaingia kwenye mfereji, na Noah ikasimama. Tairi la mfereji linazunguka kama feni. La kulia, lililokuwa juu ya udongo wenye changarawe, limetulia tuli halijui kinachoendelea.

Hiyo ni difu, kile kigawanya nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia. Difu ya kawaida inayapa matairi mawili nguvu sawasawa, na hapo ndipo ubaya ulipo: tairi lisilo na mshiko likikubali nguvu kidogo tu, mwenzake naye anapewa kidogo hicho hicho. Mjomba analijua hilo kuliko mimi. Akavuta hendibreki meno mawili matatu huku anakanyaga mafuta taratibu. Hendibreki inabana matairi ya nyuma. Lile la mfereji likapata kitu cha kupigana nacho, nguvu ikarudi kwa lile la kulia, na Noah ikajongea. Ikajongea nusu mita, ikakwama tena. Nyuma ilikuwa nyepesi mno. Injini, dereva na mke wake wote wamekaa mbele, watoto katikati, nyuma kuna turubai.

Tukawa na magari mawili, kilima kimoja, yote yamekwama kwa ugonjwa mmoja: moja lina uzito mahali pasipofanya kazi, jingine halina uzito mahali panapofanya kazi.

Mama Mkubwa ndiye aliyesema. Alikuwa ameshuka, kanga imepandishwa magotini, ndala mkononi.

"Toeni mchele huku mpeleke kule."

Mjomba akatazama Noah yake. "Dada, viti vi..."

"Mchele ni wa arobaini ya baba yetu. Viti ni vya Japani."

Vijana wakabeba mifuko minne na sukari, mguu mmoja mmoja, matope hadi kwenye ndimi za magunia. Tukalaza kiti cha nyuma cha Noah tukaupanga juu kabisa ya ekseli. Mjomba akageuka pembeni wakati wanaingiza. Kisha hendibreki meno mawili, mafuta kidogo, na Noah ikatoka kwenye mfereji kama mtu anayenyanyuka kwenye kiti. Ikapanda hadi juu bila mkia kucheza hata mara moja.

Ikabaki Probox, tupu sasa, lakini pale ilipokuwa imesimama utando ulikuwa umekwisha kusuguliwa na kung'aa kama sahani. Mzee wa jembe akaniambia nirudi chini kabisa, nigeuze, nipande kinyumenyume.

"Magari ya kuvuta mbele huku tunayapandisha hivyo. Mwalimu mmoja wa hapa kila masika anakuja nyumbani kwake amegeuka."

Ukigeuza, mbele inakuwa chini ya mlima. Uzito ule uliokuwa unakimbilia nyuma sasa unakuja kwenye matairi yanayovuta. Kilima kilichokuwa kinakuibia kinakulipa. Na gia ya nyuma ni nzito kama gia ya kwanza, inafaa. Kigumu ni shingo. Unaendesha huku unatazama kioo cha nyuma kilichojaa matope, mdogo wangu anatembea pembeni anapunga mkono, na matairi yanayokata kona yako upande wa pili wa gari, kwa hiyo ukikosea kidogo pua inapiga duara lake. Nilikwenda mwendo wa bibi anayetoka kisimani. Matairi yaliteleza mara mbili, nikaachia mafuta, yakashika. Dakika nne hivi. Watoto wa shule wakatufuata wanacheka gari linalopanda mlima kwa matako.

Juu nikawapa vijana elfu kumi yao na soda. Mzee wa jembe alikataa pesa, akachukua kilo mbili za mchele, na Mama Mkubwa akampimia mwenyewe kwa kikombe.

Vilima vilivyobaki hadi nyumbani vilikuwa vinne. Kimoja tu nilikipanda kinyumenyume. Mjomba na mchele wake hakusimama popote.

Siku ya tatu, Jumamosi. Nyumbani.

Arobaini. Mvua haikukata, turubai lilijaa maji likawa linamwagwa kwa fimbo kila nusu saa. Mchele ulitosha na ukabaki kidogo. Ya shughuli sitayaandika hapa.

Ila mchana, baada ya chakula, nilikaa na rafiki wa babu, mzee wa miaka themanini na kitu. Alikuwa amesikia habari za kilima, kama kila mtu alivyosikia. Akasema enzi zao gari lililokuwa halikwami ni Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, injini matakoni. "Linapita mahali Land Rover inapofikiria."

Mwanzoni nilichukulia ni maneno ya uzeeni, kisha nikafikiri. Volkswagen ile ina injini nyuma kabisa na inasukuma kwa matairi ya nyuma. Uzito umeshakaa juu ya kinachosukuma hata kabla hujapakia kitu, na mlima ukija unaongeza. Ni Noah ya mjomba iliyozaliwa na mchele wake ndani. Na si maneno ya kijiweni tu: mashindano ya magari ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa mvua, kobe hizo zilitamba miaka ile ya mwanzo, na mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda kwa Volkswagen. Baada yake likaja zama la Peugeot 404, injini mbele na kusukuma nyuma. Katikati yake, 1965, Joginder Singh akashinda na Volvo. Fowili ilikuwa haijafika. Na hata ilipofika haikutawala Safari mara moja: 1984, 1985 na 1986 ilishinda Toyota Celica ya kusukuma nyuma, hadi 1987 ndipo Audi 200 ya matairi manne ilipochukua. Njia ndefu za mawe zinamlipa asiyevunjika, si mwenye mshiko tu.

Nikamuuliza mzee: kwenye kona je? Akacheka, akaonyesha kovu kwenye paji la uso. "Kwenye kona, matako yanataka kutangulia."

Ndiyo bei yake. Uzito wote nyuma ni kama nyundo: ukiizungusha, kichwa ndicho kinachokwenda mbali. Na mbele inakuwa nyepesi, unakata usukani halafu gari linakwenda moja kwa moja. Ukitaka kuliona hilo leo huna haja ya kutafuta kobe, panda bajaji. Injini nyuma, abiria watatu nyuma, mbele tairi moja lenye dereva karibu yake. Kwenye tope bajaji inasukuma vizuri tu; ni lile tairi la mbele linaloelea kama kidole kwenye uji. Dereva anakata kushoto, bajaji inaendelea na mawazo yake.

Mjomba alikuwa anasikiliza kutoka kwenye mkeka wa pili. Hakuchangia. Ila jioni nilimwona anapangusa viti kwa kitambaa chenye maji.

Siku ya nne, Jumapili. Kushuka.

Nilidhani kurudi ni bure. Mchele umeliwa, magari mepesi, na mlima unakusukuma mwenyewe.

Mjomba akatangulia. Kilima kile kile cha juzi, sasa tunakiingia kutoka juu. Akaweka gia ndogo, akaachia injini ishike gari, hakugusa breki, sawasawa na alivyofanya na malori miaka yote. Lakini lori lile lilikuwa na mzigo. Noah tupu ikielekea chini, uzito unakimbilia mbele, na nyuma inabaki nyepesi kabisa. Na injini inashika kwa matairi ya nyuma tu, ndiyo yaliyoungwa nayo. Kwa hiyo matairi yaliyobeba uzito kidogo ndiyo yanayoambiwa yazuie gari zima. Yakakataa. Niliona mkia wa Noah unakuja pembeni polepole, bila kelele, kama mlango unaofunguka wenyewe. Ikageuka nusu, ikasogea kimshazari, ikaegemea ukingo wa udongo upande wa kushoto. Taa ya nyuma *chwa*, ikapasuka. Hakuna aliyeumia, watoto walidhani ni mchezo.

Mjomba akashuka. Akaizunguka, akaokota kipande chekundu cha taa akakiweka mfukoni.

"Juzi ilinisaidia," alisema. Basi.

Mimi nikashuka na Probox kwa gia ndogo vilevile. Kwangu injini inashika mbele, na uzito wote umekuja mbele, mlima unabonyeza mahali panapotakiwa. Gari likashuka limenyooka kama uzi. Lile lile lililonidhalilisha Ijumaa! Nilijisikia vizuri, sitaficha, na nilipofika chini nilisimama nikawa najifanya naangalia tairi.

Tukasaidia kuinasua Noah. Safari hii hakuna aliyebishana: watoto na mama yao wakahamia kiti cha nyuma kabisa, mdogo wangu akaongezwa pembeni yao, sufuria kubwa zikawekwa nyuma zikajazwa mawe. Ndiyo, mawe. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeyachagua, akayafuta matope kwanza. Akashuka taratibu, mkia umetulia.

Kabla ya Magamba tulikuta Land Cruiser, mkonga (lile lenye bomba la hewa lililopanda juu) mpya mpya, iko mfereji wa kulia, matairi manne yote yamejaa matope sawasawa. Dereva, kijana, alikuwa nje peku. Tulimsalimia, mjomba akamuuliza kwa upole kama fowili ilikuwa imeingia.

"Imeingia, mzee. Ilikuwa inashuka vizuri kabisa. Nikashika breki kidogo tu."

Kupanda, fowili inampita kila mtu. Kusimama, kila gari lina breki matairi manne, hata Probox ya mikate, na lile lenye tani mbili na nusu lina kazi kubwa zaidi ya kusimama kuliko lenye tani moja. Dereva anapanda milima mitatu bila hata kusikia utelezi, anasahau kwamba uko. Anakutana nao kwa mara ya kwanza wakati wa breki. Hatukuweza kumvuta kwa magari yetu; tulimwachia kamba na maji ya kunywa, na tulipofika chini tukamwambia mwenye Fuso moja iliyokuwa inapanda na cheni zake.

Lami tuliishika saa saba mchana. Mombo mjomba aliyashusha mawe kando ya barabara, moja moja, akayapanga kama anajenga jiko.

Jumatano, nyongeza.

Mjomba amepiga simu. Nilidhani ni habari ya taa ya nyuma, maana niliahidi kumtafutia iliyotumika hapa Ngamiani. Hapana.

"Umesikia? Nimeosha viti mara mbili. Leo nimevuta kiti kwenda mbele, kinakwaruza. Mchele uko kwenye reli. Na huku chini, joto la injini limeuivisha, gari lote linanuka ubwabwa."

Nikamwambia pole, mjomba.

"Pole ya nini? Mwezi wa kumi na moja, vuli, tunapeleka saruji ya kujengea kaburi. Njoo upime hii nyuma inaingia mifuko mingapi."